Nilimcheka Aliyelaza Jiko Nje

Nimekosa, ndugu msomaji, na sina wa kumsingizia. Nilishamsingizia mtu mmoja, na hilo ndilo kosa langu la pili, ambalo nitakueleza ukinivumilia. La kwanza ni kwamba nilimcheka jirani yangu mbele ya watu kwa sababu alikuwa akilaza jiko lake nje.

Jina langu sitalitaja. Wale tuliokaa nao kwenye ploti moja ya vyumba vya kupanga pale Uthiru wakisoma watanijua hata kabla ya kufika katikati. Sawa, wanijue. Nimechoka kujificha.

Nilikuwa nafanya kazi mjini kati, kwenye ofisi moja ya ghorofani, mapokezi. Kazi ilikuwa kushika simu na kuwaambia wageni kwamba mkubwa yuko mkutanoni, hata kama yuko ndani anamenya ndizi. Haikuwa kazi mbaya. Lakini hakuna mtu aliyekuja pale kunisikiliza mimi. Watu walinipita tu wakielekea kwa wale waliokuja kuwaona.

Miaka hiyo ya elfu mbili, mambo ya mazingira yalikuwa yamepamba moto Nairobi. Kila kanisa lilikuwa na kikundi cha kupanda miti. Kanisani kwetu akaja mama mmoja kutoka Karen, tukimwita Madam Hilda, mpole, mwenye kofia pana ya kukinga jua, akitafuta watu wa kujitolea katika mradi wa nishati safi. Tulitakiwa tuwafundishe watu kutengeneza makaa ya vumbi. Unachukua lile vumbi la makaa ambalo wauzaji hulifagia na kulitupa, unachanganya na udongo kidogo na karatasi zilizolowekwa, unafinyanga matonge, unayaanika juani. Tonge likikauka linawaka polepole jioni nzima bila moshi, na hakuna mti uliokatwa kwa sababu yake.

Nilijiandikisha Jumapili hiyo hiyo. Sitakudanganya kwamba ni miti iliyonivuta. Miti niliipenda, ndiyo, lakini kilichonivuta zaidi ni ile tisheti ya kijani, na kusimama mbele ya watu nikiongea wakinyamaza. Mume wangu alinitania akaniita Waziri wa Makaa. Nikiingia nyumbani Jumamosi mikono myeusi tii, anasimama, anapiga saluti, anauliza, "Mheshimiwa, taifa liko salama?" Nilicheka, lakini moyoni niliona raha ya kuitwa mheshimiwa.

Na sisi wenyewe, wacha niseme kabisa, tulikuwa tunapikia gesi ya mtungi. Hata siku moja sikuwahi kupika kwa makaa niliyokuwa nikiyahubiri.

Kabla hatujatumwa mitaani tulipewa mafunzo katika ukumbi wa kukodi mjini, chai na sambusa. Aliyetufundisha alikuwa mzee mmoja, mhandisi mstaafu, wa sauti ya kukwaruza. Alipomaliza mambo ya kufinyanga, alisimama akasubiri hadi tukaacha kutafuna.

"Sasa sikizeni," akasema. "Hii makaa haina moshi, lakini iko na hewa mbaya. Huwezi kuiona, huwezi kuinusa. Nyumba ikiwa imefungwa, hiyo hewa inakubeba kama usingizi. Na si hii peke yake, makaa yote ni hivyo, hata ikiwa nyekundu. Dirisha iwe wazi, na usilale nayo. Mkifundisha watu bila kusema hivyo, hamjafundisha."

Nilisikia. Naomba ulishike hilo neno, maana ningeweza kukwambia kwamba sikuwa na habari, na ungenihurumia. Nilisikia vizuri kabisa.

Mara ya kwanza nilisema. Tulikuwa Kangemi, karibu na soko, na akina mama walikuwa wametuzunguka wakiyageuzageuza matonge mikononi. Nikasema mambo ya miti, nikasema mambo ya macho kutowasha tena, wote wakaitikia kwa kichwa. Nilipofika kwenye dirisha na hewa mbaya, mama mmoja akarudisha matonge aliyokuwa ameshaweka kwenye kiondo.

"Wacha, wacha! Kwani hii inaua? Afadhali hiyo moshi yangu, angalau naiona ikikuja."

Watu wakaangua kicheko. Wengine nao wakarudisha. Nilirudi nyumbani nimenywea, na wenzangu wa kikundi wakanitania wiki nzima kwamba nimeenda kutangaza sumu.

Mara ya pili sikusema. Hakuna aliyenikataza! Madam Hilda hakunikataza. Niliruka tu, kama unavyoruka aya ndefu ukisomea watu barua. Watu wakapiga makofi, wakafinyanga, wakaondoka na matonge yao. Tangu siku hiyo sikulirudia tena lile neno la dirisha. Nikatunga maneno yangu mwenyewe, "Halina moshi, halina madhara!" Nikisema "halina moshi", watu wanaitikia "halina madhara!" Kikundi chote kikayachukua.

Sasa nikwambie juu ya Mama Vivian.

Tulipakana ukuta kwa ukuta. Alikuwa mtu wa Vihiga, mnene kiasi, mcheshi, mwenye kuimba akifua. Kazi yake ilikuwa kufulia watu nguo. Mume wake, Baba Vivian, alikuwa mlinzi wa usiku kwenye nyumba moja ya kitajiri huko Spring Valley, akiondoka jua likizama na kurudi asubuhi tukitoka kwenda kazini. Mtoto wao Vivian alikuwa akisomea kwa bibi yake huko nyumbani, na mama yake alikuwa akihesabu likizo tu. Mimi nikichelewa kutoka mjini na mifereji imeshakauka, nilikuwa nakuta mtungi wangu wa maji umejazwa mlangoni. Sikuwahi kumwomba. Alijaza tu.

Mama Vivian alikuwa na desturi moja. Akishapika ugali na kula, analibeba jiko lake lenye makaa mekundu analiweka nje mlangoni, analifunikia sufuria kuukuu, ndipo analala. Iwe Januari, iwe Julai. Na Julai ya Uthiru unaijua wewe uliyekaa huko, ile baridi yenye manyunyu inayoingia mpaka kwenye uboho. Watu wengine wote kwenye ploti walifanya kinyume. Waliwasha nje, wakasubiri makaa yawe mekundu na moshi uishe, halafu wakaingiza jiko ndani lipashe nyumba joto. Imani ya watu wetu ni hiyo, kwamba kinachoua ni moshi, na moshi ukiisha hatari imeisha.

Yeye alikataa. Ukimuuliza anasema, "Mama yangu alitufundisha jiko hulala nje. Sijui ni kwa nini. Lakini alitulea tisa na hakuzika hata mmoja."

Tulimtania sana. Mimi ndiye nilikuwa mkali wa utani. "Hilo jiko lako nalo ni soja kama bwanako," nilimwambia. "Mmoja analinda Spring Valley, mwingine analinda mlango." Alicheka mpaka akashika mbavu. Hakuwa mtu wa kununa.

Basi ikaja Julai moja mbaya kuliko zote. Jua halikuonekana. Nguo za watu zikawa hazikauki, na wenye nguo wakaanza kupiga kelele. Alizianika nje zikanyeshewa, akazianika ndani zikanuka uvundo. Jumapili moja baada ya kanisa tulikuwa pale kwenye mfereji, akina mama watano sita hivi, nami nimevaa tisheti yangu. Mama Vivian akanigeukia, mikono imemvimba kwa maji baridi.

"Mwalimu," aliniita hivyo kwa sababu ya mafunzo yangu, "hii makaa yako ya matonge, nikiingiza kwa nyumba nikaushe hizi nguo, haina shida?"

"Shida gani?"

"Sijui. Kulala na jiko. Si unajua vile mimi huogopa."

Hapo ndipo. Kama kuna mahali ningerudishwa na Mungu, ni hapo kwenye mfereji, na lile neno la yule mzee mdomoni mwangu. Ningesema, "Mama Vivian, mama yako alisema kweli." Maneno machache tu!

Nilicheka. Nilicheka kwa sauti, nikawaangalia wale wengine ili wacheke nami.

"Mama Vivian, wewe uko karne gani? Hayo ni mambo ya ushago, ya kijijini huko! Hapa tunaongea nishati ya kisasa. Halina moshi?"

"Halina madhara!" wakaitikia, wakicheka.

"Ingiza jiko, funga mlango, zuia ile baridi. Asubuhi nguo zimekauka na wewe umelala vizuri."

"Kweli, Mwalimu?"

"Haki ya Mungu. Mimi naweza kukudanganya?"

Akacheka na yeye, kwa aibu kidogo, akatikisa kichwa kama mtu aliyegundua alikuwa akiogopa kivuli. Jioni ile nilipopita mlangoni kwake hapakuwa na jiko. Unajua nilijisikiaje? Nilifurahi! Nilimwambia mume wangu nimemshinda hata mama yake wa Vihiga.

Akaanza kulala nalo. Nguo zikakauka. Akanishukuru, akaniletea ndizi mbivu alizotumiwa kutoka kwao. Baada ya siku chache akaniambia, "Lakini Mwalimu, siku hizi nikiamka kichwa kinanigonga, na miguu ni kama si yangu."

"Ni baridi hiyo," nikamjibu. "Ziba pale juu." Nilikuwa namaanisha yale matundu ya hewa juu ya dirisha. Akayaziba kwa magazeti ya zamani niliyomletea mwenyewe kutoka ofisini.

Usinilaumu bado, ngoja ufike mwisho ndipo unilaumu vizuri.

Madam Hilda akatuletea wageni waliosaidia mradi, akaniomba nitafute mtu wa kutoa ushuhuda. Nikamchukua Mama Vivian. Alivaa rinda lake la Krismasi, akasimama kwenye uwanja wa kanisa, akasema jinsi alivyokuwa mwoga na jinsi siku hizi analala na jiko na nguo zinakauka. Wageni walimpenda. Mmoja wao, mama wa makamo, akauliza kwa Kiingereza kama anaacha dirisha wazi.

Mama Vivian hakuelewa. Akanigeukia nimtafsirie.

"Anauliza kama unasikia joto," nikamwambia.

"Sana!" akajibu, meno yote nje.

Nami nikamwambia yule mgeni kwamba ndiyo, anafungua dirisha kila jioni. Yule mgeni akatabasamu, akaridhika. Tulipigwa picha sisi wote, na mimi niko katikati.

Wiki ile ile akafa.

Asubuhi hiyo nilikuwa nimeshavaa nguo za ofisi, nafunga mlango, Baba Vivian akiwa amerudi kutoka kazini. Alikuwa akigonga mlangoni kwake, kwanza kwa utani, "Mama Vivian, fungua, soja amefika," halafu kwa mkono mzima, halafu kwa bega. Wanaume wa ploti wakaja wakamsaidia kuuvunja. Mlango ulipofunguka, leso iliyokuwa imesokotwa chini yake ikaburutwa nao.

Alikuwa amelala kitandani ubavu ubavu, blanketi mpaka shingoni, kama mtu ambaye ungemwamsha kwa kumgusa. Juu yake, kamba kutoka ukuta mpaka ukuta, nguo za watu. Mashati, shuka, sare za shule. Zote zilikuwa zimekauka.

"Toeni jiko! Toeni jiko!" mtu akapiga kelele. Mimi ndiye nilikuwa karibu nalo. Nikalibeba, bado lina uvuguvugu, nikatoka nalo mpaka kwenye mtaro nyuma ya vyoo. Nikaliangalia. Makaa ya kawaida yakiisha hubaki vumbi tu, lakini makaa yetu, kwa sababu ya ule udongo, jivu lake hubaki limesimama, tonge lile lile, jeupe. Na pale ndani ya jiko matonge yalikuwa yamekaa, meupe, mviringo, moja juu ya jingine. Mtu yeyote aliyehudhuria mafunzo yangu angeyatambua.

Nilimwaga yote chini. Nikayakanyaga kwa kiatu changu cha ofisini mpaka yakawa unga, nikayasukumia mtaroni. Nasikia Baba Vivian analia ndani, huku mimi nasaga jivu!

Niliporudi watu walikuwa wamejaa uani. Kila mtu anauliza, ni nini, ni makaa gani. Baba Vivian alikuwa ameketi kwenye kizingiti, koti la kazi bado mwilini. Akasema, bila hata kuulizwa mara mbili, "Mimi nilinunua makaa ya kawaida juzi. Hizi matonge zilikuwa hazikauki na hii mvua. Nikamwambia achanganye."

Na mimi, kabla mtu mwingine hajafungua mdomo, nikasema, "Basi ni hayo. Ni makaa ya kawaida. Makaa yetu hayaui."

Ulimi hauna mfupa, jamani. Uliteleza tu ukasema. Baba Vivian akainua uso akaniangalia. Sikuona hasira, wala shaka. Alikuwa ananiamini, kwa sababu mimi nilikuwa Mwalimu.

"Kwa hivyo ni mimi," akasema.

Polisi walipokuja akawaambia hivyo hivyo, kwamba ni makaa aliyonunua yeye. Wakaandika, wakaondoka na mwili.

Tulichanga, tukamsafirisha. Nilienda mpaka Vihiga, kwa sababu ingekuwaje nisiende? Kule matangani mama yake Mama Vivian, yule aliyefundisha watoto tisa kwamba jiko hulala nje, alisimama akasema kwa lugha yao, fimbo imeelekezwa kwa mkwewe. Nilimuuliza jirani yangu wa kiti anasema nini. Akaninong'oneza, "Anasema alimpa binti ambaye hajawahi kulala na moto ndani, na yeye akamwingizia moto. Anasema Vivian habanduki hapa. Na huyu mwanaume asikanyage tena."

Vivian alikuwa amesimama kando ya jeneza, na riboni mpya nyweleni. Baba yake alijaribu kumshika mkono, wajomba wakaja katikati.

Ningeweza kusimama. Viti vilikuwa vya plastiki, mtu akisimama vinapiga kelele, wote wangegeuka. Ningesema neno moja. Nilishika chupa yangu ya soda kwa mikono miwili nikaangalia chini mpaka wakaanza kuimba.

Tuliporudi Nairobi Madam Hilda alinipigia simu ofisini. Alikuwa amesikia. Akauliza kwa sauti ndogo, "Ni makaa yetu?"

"La, Madam. Yalikuwa ya kawaida."

Akashusha pumzi. Akasema "afadhali", halafu akajirudi akasema "pole sana". Baada ya muda nikafanywa kiongozi wa wanaojitolea upande wote wa magharibi ya mji. Nilikubali! Niliendelea kuzunguka na tisheti, nikiimba halina moshi, na watu wakiitikia. Sikurudisha lile neno la dirisha hata wakati huo, kwa sababu kulirudisha kungekuwa kama kukiri. Unaona uovu unavyojijenga? Nilimfunika mmoja aliyekufa kwa kuwahatarisha walio hai.

Baba Vivian alihama ploti. Lakini kwanza alikaa kidogo, na katika siku hizo hakuwasha moto kabisa. Hakupika, hakupasha maji ya kuoga. Alikula mkate mkavu mlangoni, akiondoka kazini mapema. Mtu akimpa pole anajibu, "Ni mimi nilinunua." Alimwambia mwenye duka, alimwambia pasta, alimwambia hata mtu wa kusoma mita ya stima. Nami nilikuwa nasikia kupitia ukuta.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mimi kilichoniumbua ni kichwa. Nilianza kuamka kichwa kinagonga na miguu si yangu, na nyumbani kwetu hakuna jiko. Daktari akapima asione kitu. Ofisini nikawa nawapeleka wageni mlango usio wao, mwishowe nikaombwa niende nikapumzike, na sikuitwa tena. Jioni moja nikamwambia mume wangu yote, kuanzia mzee wa ukumbini mpaka jivu la mtaroni. Alisikiliza mpaka mwisho. Hajawahi kuniita Waziri tena. Hakunipiga, hakunitukana, lakini tangu siku hiyo anaacha dirisha la chumbani wazi hata Julai, na hasemi kwa nini.

Nikajitoa kwenye kikundi. Miaka ikapita, nikijiambia nitaenda kesho. Mwaka huu nikaenda.

Nilimkuta Baba Vivian bado Spring Valley, sasa analinda mchana, geti lile lile jeusi. Amekonda, kofia imemkaa kubwa. Alifurahi kuniona, hilo ndilo lililoniua. "Mwalimu! Umepotea wapi?" Akaniletea kile kiti chake nikae. Nikakataa kukaa. Nikasema nikiwa nimesimama, haraka haraka, kabla sijabadilisha nia. Nikamwambia ya mfereji. Nikamwambia ya magazeti ya kuziba matundu. Nikamwambia jivu lilikuwa la matonge, si la makaa yake, na kwamba mimi ndiye niliyelikanyaga.

Aliangalia barabara.

"Kwa hivyo aliuliza," akasema. "Hakuingiza tu. Alikuja akauliza kama ni salama."

"Ndiyo. Aliuliza."

"Na wewe ukacheka."

"Nilicheka."

Nikamwambia niko tayari kusafiri naye mpaka Vihiga, nisimame mbele ya mama mkwe wake niseme ukweli wote, ili apewe mtoto wake. Hapo ndipo aliponigeukia.

"Mama mkwe alizikwa Desemba," akasema. "Na wale wajomba hawataki hata kusikia jina langu. Vivian nilimuona huko kwa matanga, nikimchungulia kutoka kwa barabara. Msichana mkubwa. Akauliza mwenzake, huyo mtu wa Nairobi anataka nini. Sasa Mwalimu, hii ukweli yako nipeleke kwa nani?"

Gari likapiga honi kwa nje. Akafungua geti, akapiga saluti, gari likaingia. Halafu akalifunga, yeye akiwa ndani na mimi nje, na nilingoja pale karibu na ua mpaka nikaelewa kwamba hafungui tena.

Nilidhani hapo nimefika mwisho wa kuadhibiwa. Bado.

Jumamosi iliyopita napita karibu na soko, nakuta watu wamezunguka meza. Msichana mmoja, tisheti ya kijani mpya, sauti nzuri, anafinyanga matonge. "Halina moshi?" anaimba. "Halina madhara!" watu wanaitikia. Maneno yangu! Yanaishi kuliko Mama Vivian. Nikajipenyeza mpaka mbele, nikamwambia, mbele ya watu wote, kwamba lazima aseme juu ya dirisha, kwamba makaa yoyote ndani ya nyumba iliyofungwa yanaua, hata yakiwa mekundu, hata bila moshi, na kwamba jiko hulala nje.

Akaniangalia. Kisha akacheka, kwa sauti, huku akiwaangalia wengine ili wacheke naye.

"Ai, mathe! Hayo ni mambo ya ushago. Sisi tuko kwa kisasa."

Na wakacheka wote. Mama mmoja, mtoto mgongoni, akaweka matonge kwenye mfuko wake akaenda zake. Nilimfuata hatua kadhaa nikimwita, akaongeza mwendo, akidhani mimi ni kichaa.

Sina cha kukufundisha, ndugu msomaji, mimi si mwalimu tena. Lakini baridi inakuja. Kama unasoma haya na jiko liko ndani, weka gazeti chini, litoe nje, kisha urudi umalizie. Kichwa kikikugonga asubuhi na umelala na makaa, usiseme ni baridi, toka nje na uwatoe wanao. Na siku mtu mwenye tisheti safi atakapokwambia halina moshi, halina madhara, usimjibu haraka. Muulize kwanza, yeye nyumbani kwake, jiko hulala wapi.